Rosti ya Kipande Kizima: Nyama ya Bucha ya Mtaani Mpaka Ichambuke kwa Uma

Kila nikiipeleka mezani rosti hii, ninayoipika polepole kwenye chungu cha umeme, naulizwa nyama nimeitoa wapi. Wageni hudhani nimeagiza nyama ya bei mbaya kwenye maduka makubwa ya Masaki. Nimeinunua buchani hapa hapa Tabata, ikiwa imening'inia kwenye ndoano kama nyingine zote.

Ng'ombe wengi tunaowala Dar ni wa asili, wale wenye nundu. Wametembea malishoni miaka mingi kabla ya kufika mnada wa Pugu, na kutoka hapo machinjio ya Vingunguti na mengineyo. Msuli uliofanya kazi hivyo umejaa kano na utando mweupe unaozishikilia nyuzi za nyama, na ndiyo maana ukiuchemsha kwa saa moja unatafuna mpaka taya zinauma. Lakini kano hizo hizo, zikipata joto la pole kwa saa nyingi, huyeyuka na kuwa uteute mzito unaoulainisha mchuzi na nyama yenyewe. Kwa hiyo usiitafute nyama laini. Tafuta nyama ngumu ya sehemu sahihi, uipe muda.

Chungu chenyewe

Chungu cha umeme ninachozungumzia ni kile chenye bakuli zito la kauri linalokaa ndani ya ganda lenye waya za joto, mfuniko wa kioo, na swichi yenye moto mdogo, moto mkubwa na kuhifadhi joto. Si presha ya umeme, na si jiko la kupikia wali, maana hilo huchemsha kwa nguvu na kukausha.

Kwa kipande cha kilo moja na nusu mpaka mbili, chungu cha lita 5 au 6 kinatosha. Kijae kati ya nusu na robo tatu. Kikiwa kitupu sana nyama itakauka pembeni, kikifurika katikati patachelewa kupata moto.

Kabla hujakichomeka, geuza chini usome kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Vyungu vingi vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani ni vya volti 120, na ukikichomeka moja kwa moja kinaungua siku hiyo hiyo. Shangazi yangu alipoteza cha kwake namna hiyo, kikiwa bado kinanukia upya. Kama ni cha volti 120, unahitaji transfoma yenye uwezo unaozidi wati za chungu.

Kuhusu gharama, watu wanaogopa wakisikia saa tisa za umeme. Changu ni cha wati 250. Hata kikila umeme wote huo saa tisa mfululizo, ni uniti mbili na robo. Kwangu LUKU ya shilingi 10,000 hunipa uniti 28 hivi, kwa hiyo mlo mzima wa watu wanane unakula umeme wa kama shilingi 800. Mkaa wa kuchochea tangu alfajiri mpaka mchana siupati kwa pesa hiyo.

Buchani

Hapa ndipo rosti inapopatikana au inapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Omba bega. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote: ina kano za kutosha, ina mafuta yaliyopenya ndani, na inatoka katika kipande kimoja kizuri. Bega likiwa limekwisha, chukua shingo au kidari. Muundi nao una uteute mwingi kuliko vyote, ila vipande vyake ni vidogo, hivyo mimi humwomba muuza nyama aniongezee muundi mmoja na mfupa wake pembeni ya bega kwa ajili ya mchuzi. Sarara iache. Ni nyama ya kukaanga dakika chache. Ukiipika kwa saa nane inakuwa nyuzi kavu kama katani, na umeilipia zaidi. Steki ya paja inawezekana, lakini haina mafuta na matokeo yake ni makavu.

Shida ya pili ni shoka. Muuza nyama wetu amezoea kupimia na kukatakata papo hapo kabla hujafungua mdomo, kwa hiyo sema mapema. Mazungumzo yangu na kijana wa buchani huwa hivi:

"Kaka, habari za asubuhi. Naomba bega kilo moja na nusu, kipande kizima, usikate."

"Nzuri dada. Kizima kabisa? Cha kuchoma?"

"Cha kupika taratibu. Na hayo mafuta ya juu usiyatoe, niachie."

"Sawa. Mfupa nikuwekee?"

"Niwekee na muundi mmoja, huo upasue."

Angalia mhuri wa mkaguzi wa nyama, angalia rangi, iguse. Nenda asubuhi. Nyama iliyoning'inia mpaka saa kumi jioni kwenye joto la Dar mimi siichukui, hata nikipunguziwa bei.

Kisha, usiipike siku hiyo hiyo. Nyama tunayouziwa asubuhi mara nyingi imechinjwa usiku, na misuli bado imekakamaa kama mwili wowote uliokufa punde. Ukakamavu huo huanza kuachia baada ya siku moja au mbili kwenye ubaridi. Nunua Ijumaa, iweke kwenye friji ikiwa imefunikwa kwenye bakuli, rafu ya chini kabisa ili isidondoshee damu vyakula vingine, upike Jumapili. Tofauti utaiona.

Papai usipake. Najua wengi tumekua tukiona mama zetu wakipaka papai bichi au kufunga nyama kwa majani yake, na kwa mishikaki inasaidia kweli. Lakini kimeng'enya cha papai hufanya kazi kwa nguvu zaidi nyama ikiwa kwenye joto la kama nyuzi 60 mpaka 70, na chungu hiki hupita hapo polepole mno. Nyama inageuka uji kwa nje. Muda utafanya kazi hiyo bila msaada.

Vitu vya kuandaa

Kwa watu wanane:

- bega kilo 1.5, na muundi mmoja ukipenda
- vitunguu maji vikubwa 3
- kitunguu saumu, punje 8
- tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba
- karoti kubwa 4
- viazi mviringo 6, vile vigumu visivyopasuka haraka
- nyanya ya kopo, vijiko 2 vya chakula
- pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai, karafuu 4, kijiti kimoja cha mdalasini
- maji ya moto kikombe 1
- mafuta ya kupikia, chumvi, ndimu 1

Viungo vizima vinaendelea kutoa ladha saa zote hizo, na mvuke hautoki. Karafuu kumi ambazo kwenye pilau huzioni, humu zitakufanya uhisi umekunywa dawa ya meno. Nne zinatosha.

Usiku wa kuamkia

Futa nyama kwa kitambaa safi au karatasi mpaka ikauke. Paka chumvi vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, kote kote, irudishe kwenye friji. Chumvi inahitaji usiku mzima kuingia kwenye kipande kinene hivyo. Ukiiweka asubuhi itabaki nje na kwenye mchuzi. Menya na ukate mboga: karoti vipande vya urefu wa vidole viwili, viazi nusu nusu na kuvilaza kwenye maji. Kata vitunguu.

Kukaanga nyama usiku halafu kuilaza mpaka asubuhi, hapana. Itakuwa imepata uvuguvugu bila kuiva, na huko ndiko bakteria wanakozaliana.

Alfajiri

Mlo wetu wa Jumapili ni saa tisa mchana, baada ya watu kurudi ibadani, kwa hiyo ninaanza saa kumi na moja alfajiri, adhana ya msikiti wa jirani ikisikika. Weka maji ya moto kwenye bakuli la chungu wakati unafanya mengine, ili lisianze likiwa baridi, kisha yamwage.

Bandika kikaango kizito kwenye gesi. Mafuta vijiko viwili, yapate moto hasa. Futa nyama tena, ilaze, na usiiguse kwa dakika nne au tano. Ikijiachia yenyewe na kuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, igeuze upande wa pili, halafu kingo. Wapo wanaosema kukaanga huku kunafungia maji ndani ya nyama. Hakufungii chochote, na nyama itatoa maji yake tu. Tunakaanga kwa ajili ya ladha: ile harufu ya nyama iliyobabuka hutokea kwenye joto la nyuzi 140 na kuendelea, na chungu chenye maji hakivuki 100 hata ukiache mpaka kesho. Usipoipata kwenye kikaango hutaipata tena.

Toa nyama. Kwenye mafuta yale yale tia vitunguu, vikianza kuwa rangi ya dhahabu tia saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha nyanya ya kopo. Kaanga nyanya mpaka iwe nyekundu ya matofali na mafuta yajitenge. Mimina kikombe cha maji ya moto na ukwangue chini kwa mwiko mpaka ule ukoko wote uachie. Huo ukoko ndio mchuzi wako.

Kikombe kimoja tu. Najua mkono utawasha uongeze. Nyama hupoteza karibu theluthi ya uzito wake ikiiva namna hii, maana yake kilo moja na nusu inakutolea karibu nusu lita ya supu yake yenyewe, na mfuniko hauruhusu mvuke kupotea. Ukianza na vikombe vitatu utamaliza na nyama iliyochemshwa kwenye maji ya rangi.

Kupanga ndani ya chungu kuna utaratibu. Viazi na karoti chini na pembeni, karibu na kauri inayopata moto, kwa sababu humu ndani, tofauti na sufuriani, mboga za mizizi huiva polepole kuliko nyama. Juu yake muundi, kisha bega, upande wa mafuta ukiangalia juu ili yakiyeyuka yaiteremkie nyama. Viungo vizima. Mchuzi wa kikaangoni mwisho.

Ndimu au ukwaju usitie sasa. Uchachu huzuia viazi na karoti kulainika, unaweza kupika siku nzima viazi vikabaki vinalia mdomoni. Ule uchachu mdogo wa nyanya ya kopo hauna shida kwa kiasi hiki.

Funika. Washa moto mkubwa kwa saa moja ya kwanza, halafu rudisha moto mdogo kwa saa nane. Ile saa ya kwanza ina sababu mbili. Nyama ivuke haraka lile joto la kati, nyuzi 5 mpaka 60, ambako vijidudu hustawi. Na umeme wa mitaa yetu mara nyingine hushuka: volti zikitoka 230 mpaka 200, nguvu ya chungu ya kupasha inapungua karibu robo nzima, na moto mdogo peke yake unaweza kusuasua. Kama taa zako zinafifia, kaa kwenye moto mkubwa saa mbili.

Ukiwa na haraka, moto mkubwa moja kwa moja kwa saa tano mpaka sita unafanya kazi. Bega linakuwa zuri, ila si kama la moto mdogo.

Nyama iliyoganda usiitie humu kamwe. Iyeyushe kwenye friji siku nzima kabla. Na kama siku nyingine utataka kupika maharage mekundu kwenye chungu hiki, yaloweke, umwage maji yale, kisha yachemshe kwanza kwa nguvu sufuriani dakika kumi kamili. Mabichi yana sumu ambayo moto wa pole hauiondoi.

Mfuniko ubaki juu

Kila ukifungua unapoteza joto la dakika 20 mpaka 30. Harufu itakuita, watoto watakuita, usifungue. Kioo kina matone ya mvuke, na kuyaona tu kunatosha kujua mambo yanakwenda.

Fungua mara ya kwanza zikishapita saa nane tangu ulipowasha. Chomeka uma katikati ya kipande na uzungushe kidogo. Nyuzi zikiachana bila ubishi, imeiva. Uma ukikamatwa, funika, ongeza saa nzima. Hapa watu wengi hukata tamaa: wanaonja baada ya saa tano, wanakuta nyama ngumu na kavu, wanadhani wameipitisha. Hujaipitisha. Katikati ya safari nyuzi zimekwisha kujikunja na kutoa maji, lakini kano bado hazijayeyuka. Huo ndio wakati nyama huwa mbaya kuliko wakati wowote. Ng'ombe mzee anaweza kukudai saa mbili zaidi, mpe.

Umeme ukikatika

Kwa mkazi wa Dar sehemu hii ni muhimu kama nyama yenyewe.

Ukiwa nyumbani, usisubiri kuona kama utarudi. Hamishia kila kitu kwenye sufuria nzito, bandika kwenye gesi au mkaa, ichemke, punguza moto kabisa, funika kwa mfuniko uliobana, na kwenye mkaa weka makaa machache juu ya mfuniko. Kwa moto huo saa tatu mpaka tatu na nusu jumla zinatosha, ukiongeza maji ya moto kidogo kila yanapopungua. Bakuli la kauri lenyewe usilibandike kwenye moto, litapasuka. Vivyo hivyo usilitoe kwenye friji na kuliwasha, wala kumimina maji baridi likiwa la moto.

Umeme ukikatika nyama ikiwa imekwisha kuiva, uache mfuniko juu, una kama saa mbili za kula au kuiweka kwenye baridi.

Ukiwa hukuwepo, na umerudi ukakuta saa ya maikrowevu inawaka-waka sifuri, umeme ulikatika na hujui kwa muda gani. Mwaga, hata kama inanukia vizuri, hata kama inaonekana imeiva. Niliwahi kumwaga kilo mbili namna hiyo na iliniuma wiki nzima, lakini baadhi ya sumu za bakteria hazifi kwa kuchemsha upya, na kitanda cha hospitali ni ghali kuliko bega. Tangu siku hiyo napika siku ambazo kuna mtu nyumbani.

Mchuzi na kupakua

Toa nyama kwa mwiko mpana, maana itataka kukatika njiani. Iweke kwenye sinia, funika, ipumzike dakika kumi na tano. Toa mboga kando. Acha supu itulie, engua mafuta ya juu kwa upawa. Usiyatupe, kesho yanakaangia wali.

Supu iliyobaki itakuwa nyepesi. Ichemshe kwenye kikaango bila mfuniko mpaka ipungue nusu, na kama una muundi ndani itakuwa nzito yenyewe, inanata midomoni. Usipokuwa na muda, koroga kijiko cha chakula cha unga wa ngano kwenye maji baridi, mimina, ichemke dakika tatu. Onja chumvi sasa, si kabla. Kamulia nusu ndimu. Ladha yote itaamka.

Bega lililoiva vizuri unalichambua kwa uma mbili vipande vinene. Ukitaka kukata, kata kukingama na nyuzi. Mwagia mchuzi. Nyumbani kwangu tunakula na wali wa nazi na kachumbari yenye pilipili mbuzi, ingawa mume wangu, mtu wa Moshi, angependa kila mara iwe na ndizi.

Kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kwenye vyombo vifupi ili kipoe upesi. Kinakaa siku tatu mpaka nne. Kukipasha, tumia sufuria kwenye gesi mpaka kichemke. Chungu cha umeme kinapasha polepole mno. Jumatatu asubuhi mimi huchambua iliyobaki, naikaanga kidogo na kitunguu na bizari, naifunga kwenye chapati kwa watoto wa shule.